Plasta ya udongo inasawazisha kweli unyevu wa ndani? Jibu kwa msomaji wa Iyumbu

"Habari mtaalamu. Tuna nyumba Iyumbu hapa Dodoma, ya tofali za bloku. Plasta na skimu, lile koti laini la juu kabla ya rangi, tulipiga mwezi wa pili mvua zikiwa bado zinanyesha, chumba cha kulala tukapaka rangi ya silk inayong'aa kwa sababu inafutika mtoto akichafua, mwezi wa nne tukahamia. Tunalala watatu, mimi, mume wangu na mtoto wa miaka mitatu. Mwezi wa saba kila asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka maji, nyuma ya kabati ukuta ukaota madoa meusi, nguo zikawa zinanuka uvundo. Sasa hivi mwezi wa tisa mambo yamegeuka, hewa kavu mpaka mtoto anatoka damu puani na mlango wa mninga umeanza kupasuka. Fundi mmoja anasema tubandue rangi tupige plasta ya udongo, eti ukuta wa udongo unapumua na unasawazisha hewa mwaka mzima. Mwingine anasema tupake rangi ya mafuta unyevu usiingie ukutani. Kaka yangu anasema tununue mashine ya kuvuta unyevu. Nani mkweli, na tufanye nini kabla mvua hazijaanza?"

Dada yangu, pole, na ahsante kwa kueleza vizuri hivyo, maana wengi wanaandika tu "ukuta una unyevu nifanyeje" halafu wanasubiri dawa. Nikisoma hapo naona una shida mbili zinazopingana, mwezi wa saba maji yalikuwa mengi mno ndani, mwezi wa tisa yamekuwa machache mno, na unataka kujua kama kitu kimoja, yaani kile unachopiga ukutani, kinaweza kutibu zote mbili. Kwa kifupi ni kwamba fundi wa udongo yuko sahihi nusu, fundi wa rangi ya mafuta kakosea karibu kabisa, na kaka yako asikimbilie dukani kwanza. Sasa nikueleze kwa nini, ni parefu kidogo ila ukielewa hapa hakuna fundi atakayekuuzia maneno.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa inabeba maji usiyoyaona, na kiasi inachoweza kubeba kinategemea joto lake. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba gramu 23 hivi za maji, ikishuka nyuzi 15 inabeba kama 13 tu, ikipanda 30 inafika 30. Ile asilimia ya unyevu unayoisikia ni kiasi kilichopo ukilinganisha na kiasi cha juu ambacho hewa ya joto hilo ingeweza kubeba. Sasa Dodoma tuko juu, mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku unashuka mpaka nyuzi 13, 14. Chumbani kwenu mmelala, mmefunga kila kitu kwa sababu ya ule upepo, joto la ndani tuseme 22 na unyevu asilimia 70, hapo hewa ina kama gramu 13 na nusu kila mita ya ujazo. Hewa hiyo ikigusa kioo chenye nyuzi 13 haiwezi tena kubeba zaidi ya gramu 11 na kitu, ziada inadondoka kama maji. Kwa hiyo kioo chako hakivuji, kinakuonyesha tu kilichomo hewani. Na nyuma ya kabati ni hivyo hivyo, kabati limebana kwenye ukuta wa nje, hewa haipiti, ukuta pale ni baridi kuliko sehemu nyingine, na sehemu yoyote ambayo unyevu kwenye uso wa ukuta unakaa asilimia 80 na zaidi kwa siku kadhaa mfululizo fangasi wanaota, wala hawahitaji kuona tone la maji.

Maji yametoka wapi? Mtu mzima aliyelala anatoa kwa pumzi na jasho gramu 40 mpaka 50 kila saa. Nyie wawili masaa nane na mtoto juu yake, hapo unakaribia gramu 900, yaani chupa ya lita moja kasoro kidogo inamwagwa hewani kila usiku ndani ya chumba kilichofungwa. Kama choo na bafu viko humo humo chumbani, ongeza. Halafu kuna maji ambayo hakuna aliyekwambia, ya ujenzi wenyewe. Bloku zilimwagiwa maji, plasta ilichanganywa na maji, ikamwagiwa maji tena ikomae, yote hayo mwezi wa pili mvua zinanyesha, halafu kabla hayajatoka mkafunika na skimu na silk. Nyumba ya saruji inachukua miezi mingi kukauka mpaka ndani, mwaka mzima sio ajabu. Kwa hiyo sehemu kubwa tu ya uvundo wa mwezi wa saba naamini ni shida ya mwaka wa kwanza, na kiangazi hiki chenye upepo kinakutibia bure wakati unasoma hapa. Ndo maana nasema msianze kubomoa.

Haya, tuje kwenye ukuta. Fundi akisema ukuta unapumua watu wanaelewa kwamba hewa inapita katikati ya ukuta inaingia na kutoka. Hamna kitu kama hicho, na ingekuwa hivyo vumbi la Iyumbu lingekuwa kitandani. Kinachotokea ni kwamba vitu vyenye vitundu vidogo sana ndani yake, udongo wa mfinyanzi, mbao, chokaa, karatasi, pamba, vinanasa mvuke wa maji hewa ikiwa na unyevu mwingi, na vinauachia hewa ikikauka. Udongo ndo bingwa kwa sababu chembe za mfinyanzi ni kama visahani vyembamba mno vilivyopangana, eneo lake la kushikia maji ni kubwa ajabu.

Na hii sio hadithi ya mafundi, imepimwa. Gernot Minke wa Chuo Kikuu cha Kassel kule Ujerumani alipima matofali mabichi ya udongo, akapandisha unyevu wa chumba ghafla kutoka asilimia 50 kwenda 80, ndani ya masaa 48 ile sentimita moja na nusu ya mwanzo ya udongo ilinyonya kama gramu 300 za maji kwa kila mita ya mraba. Tofali la kuchoma kwenye kipimo hicho hicho lilinyonya gramu 6 mpaka 30 tu. Ona tofauti, udongo ule ule, ukishauchoma kwenye tanuru uwezo unapotea. Kwa hiyo mtu akikwambia nyumba yake ya tofali za kuchoma inasawazisha unyevu kwa kuwa ni udongo, mpe pole.

Watu wa Skandinavia nao mwaka 2005 walitengeneza kipimo cha pamoja cha kulinganisha vifaa. Unakiweka kifaa masaa 8 kwenye unyevu wa asilimia 75, halafu masaa 16 kwenye 33, unapima uzito unavyopanda na kushuka. Mzunguko huo umechaguliwa kufanana na chumba cha kulala, watu wamo usiku, mchana hawamo. Jibu linatoka kwa gramu kwa kila mita ya mraba kwa kila asilimia moja ya mabadiliko. Zege liko kwenye 0.4 hivi, bodi ya jipsam 0.6 au 0.7, plasta nzuri ya udongo 1.5 na zaidi.

Tuipeleke chumbani kwako. Tuseme ni mita 3.5 kwa 3.5, urefu 2.8. Ukitoa mlango, dirisha na sehemu ya kabati unabaki na kama mita 30 za mraba za ukuta. Zingekuwa zote plasta ya udongo isiyozibwa, unyevu ukipanda kwa asilimia 10 kuta zinameza kama gramu 450. Hiyo ni nusu ya maji mnayotoa usiku mzima, sio kidogo hata kidogo. Kuta hizo hizo zikiwa plasta ya saruji yenye rangi ya kawaida ya maji utapata labda gramu 100 au pungufu, na zikiwa na silk au rangi ya mafuta ni karibu na sifuri, maana hata kama nyuma kuna plasta bora kiasi gani umeivalisha nailoni. Kosa hili naliona sana kwenye ukaguzi, mtu kaagiza udongo mzuri, kalipa fundi, mwisho anapaka rangi inayong'aa kwa sababu mke anataka inayofutika, na tangu siku hiyo anaishi kwenye nyumba ya plastiki.

Ila sikiliza hapa, maana ndo mafundi wanapotuacha. Ukuta hauondoi maji, unakopa tu. Usiku unachukua, mchana lazima ulipe, na unaweza kulipa tu kama mchana umefungua madirisha hewa kavu ipite. Ukifunga nyumba saa moja asubuhi mnaenda kazini mnarudi saa kumi na mbili jioni bado imefungwa, deni la jana linakutana na la leo, baada ya wiki ukuta umejaa na kioo kinatiririka kama zamani, tofauti ni kwamba sasa una udongo uliolowa. Kwa hiyo dirisha halina mbadala. Dakika 15 asubuhi, dirisha na mlango wa chumba vyote wazi upepo ukate, inafanya kazi kuliko plasta yoyote niliyokutajia. Na usiku acha upenyo mdogo wa dirisha, nyavu unayo, vidole viwili vinatosha.

Pia kwa mzunguko wa siku moja unyevu unaingia milimita chache tu mpaka sentimita moja hivi. Kupiga udongo wa sentimita tano ni kubeba mchanga bure, moja na nusu mpaka mbili inatosha.

Najua kuna mtu hapa atasema mbona bibi zetu Wagogo walikaa kwenye tembe raha mustarehe. Kweli, tembe lenye kuta nene za udongo na paa la udongo lilikuwa linatuliza sana joto na unyevu, mimi mwenyewe nalisifia. Ila tusisahau moshi, na tusisahau papasi, wale kupe wanaojificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo na kuleta homa ya papasi, ugonjwa ambao Dodoma tunaujua vizuri. Kwa hiyo plasta ya udongo ndani ya nyumba ya leo ni kitu kizuri kwa masharti kwamba haina nyufa na ikipasuka unaziba mapema, usiache mwaka upite.

Sasa mwezi wa tisa. Hapa ndo neno la "mwaka mzima" la fundi wako linapoanguka. Ukuta wa udongo unasawazisha kupanda na kushuka kwa usiku na mchana, labda na siku mbili tatu, lakini hauwezi kutengeneza maji. Dodoma kiangazi ni cha miezi, mvua zinakata Aprili au Mei mwanzoni mpaka Novemba mwishoni au Desemba, mwaka mzima tunapata milimita 550 mpaka 600 hivi na zote zinashuka kwenye hiyo miezi michache. Ukuta uliokopa maji mwezi wa saba ulishayamaliza kabla wa nane haujaisha. Utakachopata ni kwamba ukioga au ukipika ule mvuke hautapotea mara moja, na mlango wako wa mninga hautapigwa na mabadiliko ya ghafla, ila asilimia yenyewe ya jumla itafuata ya nje.

Ukitaka kupandisha unyevu kiangazi lazima uongeze maji, na hesabu yake sio kubwa. Chumba chako kina mita za ujazo 34. Kutoa hewa ya nyuzi 27 kwenye asilimia 30 mpaka 45 unahitaji kama gramu 130, na kama hewa ya chumba inabadilika yote mara moja kwa saa basi unahitaji 130 hizo kila saa, yaani lita moja kwa usiku wa masaa nane. Taulo kubwa mbili zilizoloweshwa na kukamuliwa ukazianika chumbani jioni zinatoa sehemu nzuri ya hiyo, kupiga deki usiku kunasaidia, beseni la maji peke yake halisaidii sana kwa sababu uso wake ni mdogo. Mchana wa joto funga madirisha upande wa upepo, lile joto kavu la saa nane ndo linalokunyang'anya, halafu fungua usiku. Na lengo lako liwe asilimia 40 mpaka 60, usije ukapenda taulo mpaka ukarudisha fangasi.

Mtoto akitoka damu puani mkalishe, ainame mbele kidogo sio nyuma, bana ile sehemu laini ya pua dakika 10 mpaka 15 bila kuachia. Mpake mafuta kidogo ya mgando ndani ya tundu za pua usiku. Ikipita dakika 20 haijakata, au inajirudia rudia kila siku mbili tatu, au ana michubuko isiyoeleweka mwilini, mpeleke hospitali, hiyo sio kazi ya mtu wa majengo.

Rangi ya mafuta sasa. Huyo fundi anawaza unyevu unatoka chumbani unaingia ukutani unaharibu. Kwako ungebaki hewani wote uende kwenye kioo, kwenye dari na nyuma ya kabati. Na yale maji ya ujenzi yaliyomo ndani ya bloku yakitafuta njia ya kutoka yatakuta yamezibwa, baada ya miezi utaona rangi inatoka malengelenge na chini yake unga mweupe wa chumvi. Hili la chumvi Dodoma tulizingatie zaidi, visima vingi huku maji yake yana chumvi na watu wanajengea hayo hayo. Kisiwani Zanzibar walishajifunza kwa gharama, nyumba za zamani za Mji Mkongwe za mawe na chokaa zilipoanza kuzibwa kwa plasta ya saruji maji yalinaswa ndani ya kuta yakaanza kula ukuta. Rangi ya mafuta iache jikoni nyuma ya jiko kama huna marumaru, basi.

Kabla ya kuchagua chochote jua maji yako yanatoka wapi. Chukua nailoni ngumu inayopitisha mwanga, nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne isipitishe hewa, iache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, ukuta wenyewe ndo umelowa, aidha bado haujakauka au maji yanapanda kutoka chini au bomba linavuja. Matone yakiwa upande wa chumbani, shida ni hewa yenu. Fanya sehemu tatu, chini karibu na sakafu, katikati, na nyuma ya kabati, na rudia mvua zikianza, maana sasa hivi kwa ukavu huu inaweza isikuonyeshe kitu.

Nunua pia kipima unyevu kidogo cha dijitali, ni cha bei ndogo ukilinganisha na gharama ya kosa moja. Vingi vinadanganya kidogo, kwa hiyo kijaribu hivi, weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, tia matone machache ya maji iwe uji mzito sio maji, kiweke kizibo na kipimo ndani ya chombo kinachofunga kabisa kwa usiku mzima. Asubuhi kinatakiwa kisome asilimia 75. Kikisoma 69 basi ujue kila siku unaongeza 6. Andika namba asubuhi na jioni wiki mbili, ukimwita mtaalamu mpe hiyo karatasi, itamsaidia kuliko maelezo.

Madoa meusi yasafishe sasa, sio mpaka mvua. Vaa barakoa na glavu, fungua dirisha, osha kwa maji na sabuni, kisha dawa ya klorini uliyoizimua, na usije ukaichanganya na dawa ya choo yenye asidi, gesi yake inaua. Kabati lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani, au bora zaidi lihamishie ukuta wa katikati ya nyumba ambao hauna baridi ya nje. Mkaa mnaoweka kwenye kabati unanyonya kidogo halafu unajaa, hauna madhara ila usiutegemee. Na nikishataja mkaa, mwezi wa saba baridi ikizidi tafadhali msiingize jiko la mkaa chumbani, hata dakika chache. Linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kwenye chumba mlichoziba upepo hamuamki.

Baada ya hapo ndo tuzungumze cha kupiga ukutani. Ningekuwa mimi, na hili ni maoni yangu, nisingepiga udongo chumba kizima. Ningebandua silk kwenye kuta zote za chumba cha kulala, nipige udongo kuta mbili za ndani ambazo watoto hawazigusi sana na hazina maji nyuma yake, na zile kuta mbili za nje nipake chokaa. Chokaa uwezo wake wa kunyonya ni mdogo kuliko udongo, ila inapitisha mvuke vizuri na ikiwa mpya ni kali kiasi kwamba fangasi hawaipendi. Ukali unapungua na miaka, kwa hiyo unarudia kupaka, sio kazi kubwa. Haishiki juu ya silk wala juu ya rangi yoyote ya plastiki, fundi atakayekwambia inashika anataka kurudi kulipwa tena. Na vaa miwani ukiipaka, ikiingia machoni inaunguza.

Udongo haushiki juu ya skimu pia. Skimu ni laini, ukiupandikiza udongo wenye uzito juu yake vyote viwili vinakuja chini. Lazima ikwanguliwe mpaka kwenye plasta ya saruji, plasta itobolewe tobolewe kwa nyundo, iloweshwe, ipigwe rojo la udongo na mchanga mkali, ndo koti la kwanza lije. Udongo mweusi wa mbuga usiuguse, unavimba na kupasuka mno. Mwekundu unafaa, wa kichuguu unafaa sana. Anza na ndoo moja ya udongo kwa mbili za mchanga, halafu moja kwa mbili na nusu, moja kwa tatu, kila mchanganyiko piga kiraka cha nusu mita na uache ukauke. Ukipasuka udongo umezidi, ukipangusa kwa kiganja na ukatoka vumbi jingi mchanga umezidi. Majani makavu yaliyokatwa katwa yanazuia nyufa, ila kama eneo lenu lina mchwa na msingi haukupigwa dawa, mimi ningeyaacha. Na fundi akitaka kuongeza saruji "iwe imara" mkatalie, unapunguza kile kile unachokilipia. Juu yake usipake rangi ya plastiki, paka rojo la udongo laini au chokaa nyepesi.

Kama hayo yote ni kazi nyingi, na kwa nyumba mpya nakuelewa, kuna njia ya uvivu ambayo siidharau. Bandua silk, paka rangi ya maji isiyong'aa makoti mawili tu, weka mapazia mazito ya pamba, rafu ya mbao isiyopigwa vanishi, vitabu. Godoro lenu na nguo zenu vinanyonya na kuachia unyevu tayari kila siku, ndo maana chumba kitupu cha marumaru kinatoa mwangwi na jasho kwa pamoja. Na jipsam ya darini isiyopakwa rangi ya mafuta inasaidia kidogo pia, mradi bati halivuji, maana ile karatasi yake ikilowa mara mbili tatu fangasi wanahamia.

Mashine ya kuvuta unyevu ingekusaidia labda wiki sita kwa mwaka, miezi mingine Dodoma ungekuwa unavuta maji ambayo jioni unayarudisha kwa taulo. Kama baada ya mwaka wa pili bado kioo kinatiririka na madirisha mnafungua, hapo tuongee upya.

Kuhusu muda, msipige udongo wala chokaa mwezi huu wa tisa na wa kumi bila maandalizi. Upepo huu unakausha uso kabla ya ndani na nyufa zinakuja, na chokaa ikikauka haraka haikomai, inabaki unga. Kama lazima kabla ya mvua, funga madirisha siku za kupiga, tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, nyunyizia asubuhi na jioni siku kadhaa. Mimi ningesubiri mwezi wa tano mwakani, ukuta wa bloku utakuwa umekauka vizuri na hewa bado haijawa kali, na kwa sasa ningebandua silk tu, nikaacha ukuta wazi upumzike mvua zote.

Mwite mtu aje aone kwa macho kama kipande cha nailoni cha chini kitalowa na cha juu hakitalowa, maana hapo inawezekana ile karatasi ya kuzuia maji juu ya msingi haikuwekwa au imepasuka, na hakuna plasta inayotibu hilo. Mwite pia kama madoa meusi yamezidi mita moja ya mraba, kama unyevu uko karibu na bomba la bafuni, au kama nyufa ukutani ni pana kiasi cha kuingia sarafu kwa unene wake, kwa sababu baadhi ya maeneo ya Dodoma udongo wa chini unavimba na kusinyaa na hiyo ni kazi ya injinia wa msingi, fundi wa plasta hawezi. Na mtoto au mtu yeyote mwenye pumu humo ndani akianza kukohoa usiku, mhamishie chumba kingine kwanza, ukuta utasubiri.

Fundi wako wa udongo mpe nafasi, kashika jambo la maana hata kama kalitia chumvi. Mwambie akupigie viraka vitatu vya majaribio nyuma ya mlango, uvilipie, mkae navyo mpaka mvua ziishe. Akikataa viraka, mtafute mwingine.